Kishindo Sitahani

Mwacha asili si mtumwa, ana asili mbili. Ndivyo Koplo Zawena alivyowajibu waliomcheka alipohama jeshi la nchi kavu kwenda la wanamaji.

Leo aliitwa mbele, kwenye sitaha ya meli, avishwe kofia ya ubaharia. Wanamaji hawapigi mguu melini, hukanyaga taratibu. Lakini furaha ilimzidi, goti likapanda, buti likatua puu! Sitaha nzima ikalia.

“Huyo wetu!” wakapaza sauti wenzake wa zamani wa nchi kavu kutoka gatini. “Wafundishe, dada!”

Kapteni akaisimamisha kofia hewani, juu kidogo ya kichwa cha Zawena.

“Hapa si uwanja wa gwaride, koplo. Omba radhi nikuvishe.”

Zawena alikakamaa, macho yakimwaka.

“Siombi, afande. Asili zangu ni mbili.”