Nishani za Jenerali Bata Mzinga

Ndege walipoingia vitani na nyuki, jambo la kwanza walilopanga halikuwa vita, bali vyeo. Ujenerali akapewa Bata Mzinga, maana alikuwa na kifua kipana cha kubandikia nishani, na kuruka si kazi ya wakubwa.

Nishani zenyewe zilikuwa manyoya. Kila mkubwa alipopanda cheo, mdogo wake alinyofolewa manyoya ya bawa na ya mwili, mkubwa akavikwa kifuani, hadi yote yakaishia kwa Jenerali. Kijumbamshale, hodari kuliko wote angani, alikuwa koplo tu, kwa hiyo alinyofolewa kila wiki, na kupiga makofi akapiga.

“Vumilia, Koplo,” Bata Mzinga alimwambia. “Heshima ya jeshi ni kifua cha mkubwa wake.”

“Ndiyo, afande,” alijibu Kijumbamshale, akitetemeka kwa baridi.

Asubuhi moja nyuki wakaja, wingu zima.

“Rukeni!” Jenerali akafoka.

Hakuruka hata mmoja.

“Afande,” alisema Kijumbamshale, “mabawa ya kikosi kizima umeyavaa wewe. Tuongoze.”

Nyuki walipofika walikuta viumbe uchi wamepanga mstari, wasijue ni wanyama gani.

“Tunawatafuta ndege,” kiongozi wao akauliza. “Wako wapi?”

Kijumbamshale alijua kuwa koplo hamsemei mkubwa wake. Alikaza mwili tu, akamgeukia Jenerali, akampigia saluti. Kikosi kizima kikafuata, kwa ile nidhamu ambayo Bata Mzinga alikuwa akiidai tangu vita vianze.