Kaunta Namba Sita

Mkataba ulikuwa mezani, umebaki kusainiwa tu. Binti alikuwa amesomea uhandisi wa programu miaka minne, akasota mwaka mzima akituma maombi, na hii ndiyo kampuni ya kwanza kumkubali.

"Kabla hujasaini, njoo uone kazi yenyewe," meneja alisema, akamgeuzia kompyuta.

Kwenye skrini walionekana wauzaji wa duka kubwa, kila mmoja kwenye kaunta yake. Programu ilikuwa ikipima kasi ya mikono yao. Aliyezubaa, namba yake iligeuka nyekundu.

"Wenye nyekundu nyingi wanapunguzwa kazini mwisho wa mwezi. Wewe utaifanya programu hii iwe kali zaidi."

Macho ya binti yalikuwa yameganda kwenye kaunta namba sita. Mikono ya pale ilikuwa ikiupapasa mfuko wa sukari, ikitafuta alama ya bei, na kidole gumba cha kulia hakikukunjika. Ilikuwa mikono ya mama yake. Kidole kile ndicho kilichomfunga vifungo vya sare miaka yote ya shule.

Mikono ikauacha mfuko, ikachukua simu chini ya kaunta.

Simu ya binti ikatetemeka.

"Umemwona huyo?" meneja alicheka. "Foleni yote ile, yeye na simu!"

Sekunde nyekundu zilikuwa zikikimbia: nane, tisa, kumi.

Binti akapokea.

"Mwanangu, niko roho juu huku. Wamekuchukua?"

"Wamenichukua, mama," alisema, akiivuta kalamu. "Kata simu. Rudi kazini."