Kijitumbo cha Kabula

Siku hizi mgonjwa wa tumbo hali chakula kipya mpaka kijitumbo chake, kilichooteshwa maabara kwa chembe za mwili wake, kikionje kwanza. Nilizunguka nchi nyingi, nikarudi Tabora nikakuta mjukuu wangu Kabula ana miaka saba na hajawahi kula nasi sinia moja. Utumbo wake ulikuwa unavuja kama chungu chenye ufa. Jana majibu yakaja: kijitumbo kimelishwa mlenda, ile mboga ya kuteleza, hakikuvuja.

Mama yake, Nyamizi, alikuwa anatia magadi kwenye chungu cha mlenda ili uvutike, nikamuuliza, “Na kule maabara ulipeleka mlenda wenye magadi?”

Akayaweka magadi chini. “Hapana, baba. Magadi ni makali, nilikionea huruma kijitumbo. Kichanga kile!”

“Basi mwaga, upike upya.”

Tukala ugali na mlenda usiovutika, sote sinia moja. Kabula akalamba vidole. “Babu, kumbe vitamu hivi mlikuwa mnanificha!”

Nilicheka mpaka nikapaliwa. Nyamizi hakucheka.

“Kesho nitakipelekea wa magadi,” akasema. Kisha, polepole: “Kikiumwa kule maabara, baba, nani anakibembeleza?”

Kabula alikuwa ananyoosha mkono kutaka tonge jingine, nikamsogezea sinia.