Misumeno Miwili ya Baba

Kabureta ya kaka yake ilitoka laini kama jino la maziwa. Fundi Plagi akaisukumiza ndani ya ndoo ya nati chini ya meza, akachukua ile ya kwake iliyochoka, akaifunga mahali pake. Alifanya haraka, mgongo kwa mlango, maana kaka mtu alikuwa amekaa palepale juu ya tairi kuukuu, akipiga soga.

"Mdogo wangu, usiuoshe," kaka alisema. "Uache na masizi yake. Msumeno wa kale ukiusugua sana unakuwa kama kikongwe aliyepakwa poda."

"Nakuelewa, kaka. Siugusi zaidi ya pale panapouma."

Moyoni alikuwa anacheka mpaka mbavu zinamuuma.

Marehemu baba yao alikuwa mpasua mbao, na aliacha misumeno ya mnyororo miwili, pacha, ya toleo ambalo wakusanyaji wa siku hizi wanalitafuta kwa tochi mchana. Mmoja ulikuwa unanguruma. Mwingine ulikuwa maiti. Siku ya kugawana, Plagi alikuwa hospitalini, mguu umening'inizwa. Alipotoka alikuta kaka ameshajitwalia mzima, na yeye ameletewa maiti ndani ya gunia.

"Baba alisema wewe bado unachezea vitu," kaka alimweleza mbele ya shangazi zao, na shangazi wakacheka. Kicheko kile Plagi alikimeza, kikamkwama kama mwiba wa samaki. Wala hakutafuta tonge la kukishushia. Alikitunza.

Kisha msumeno wa kaka ukaanza kuugua, na fundi wa karibu anayeijua mashine ile alikuwa mmoja tu.

Ulipokuja na koili mbovu, Plagi alitengeneza ubovu wenyewe, halafu akaondoka na pistoni. Ulipokuja na kikohozi, akaondoka na silinda. Kila alichong'oa alikifunga kwenye maiti yake, na kila kilichotoka kwenye maiti aliuvisha msumeno wa kaka. Hakukiosha hata kimoja. Masizi ya baba yana heshima yake, na mwizi naye ana dini yake. Kaka aliondoka akishukuru, na baada ya siku chache alirudi, msumeno umeinamisha bapa kama mgonjwa anayesubiri sindano. Safari ya mwisho Plagi alibadilisha koili, vyote vilivyobaki, na hata bodi.

Mkewe, aliyekuwa akiona yote kutoka dirisha la jikoni, alikuwa na lake.

"Mashine gani hii inaugua kuliko mtoto wa chekechea? Na shemeji mbona halalamiki? Huyu mtu mchuzi ukipungua chumvi anaununia wiki nzima."

"Ananiamini."

"Kaka yako? Yule hata kivuli chake anakitanguliza mbele ili akione."

"Mke wangu, wewe pika. Siku ya maonyesho utakuja kula kwa macho."

Maonyesho ya chama cha wakusanyaji yalikuwa ukumbini, meza ndefu zimetandikwa, harufu ya oili imeshinda manukato ya kila mtu. Kwa watu wale kelele peke yake si kitu. Msumeno bubu wenye vipande vyake vya kuzaliwa navyo unapewa meza ya mbele. Unaonguruma kwa vipande feki unatolewa nje pamoja na mwenyewe. Plagi alikuja na vyote viwili: sauti na asili. Kaka angekuja na kikohozi, mbele za watu, na shangazi walikuwa wameshakaa mstari wa mbele na mikoba yao mapajani.

Plagi akavuta kamba mara moja. Msumeno ukanguruma, vioo vya madirisha vikatetemeka, watu wakapiga makofi. Shangazi mkubwa akatikisa kichwa kwa kuridhika. Plagi akauzima, akamgeukia kaka, ambaye meza yake ilikuwa imefunikwa blanketi.

"Washa basi, kaka. Au umeamka na homa?"

"Tangulia wewe, mdogo wangu. Mimi sina haraka."

Mwenyekiti wa chama, mama mmoja mstaafu wa kiwanda cha mbao, alifika na brashi na kikopo cha petroli. Hakuuliza mtu. Akafungua kifuniko, akasugua masizi kwenye silinda, akainama. Akasugua koili. Akasugua kabureta. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Kijana, mikono unayo," alisema. "Lakini silinda hii ni feki. Koili feki. Kabureta hii nadhani hata mwaka haijamaliza. Na bodi wameipaka masizi ya sufuria."

"Mama, haiwezekani. Hivyo vyote vimetoka kwenye msumeno wa baba yangu. Nimevitoa kwa mikono yangu."

Kicheko kilianzia mstari wa mbele, kwenye mikoba. Kwenye jiko la ukumbi, alikokuwa akisaidia kupika, mke wa Plagi aliinamisha uso.

Kaka alisimama, akakunja blanketi lake taratibu, pembe kwa pembe, kama mtu anayekunja shuka la mgeni. Chini yake ilikuwapo misumeno miwili, pacha.

Mama mwenyekiti akasugua wa kwanza, akasugua wa pili, akachungulia alama za kiwanda kipande baada ya kipande.

"Yote miwili orijino," alisema hatimaye. "Umeipata wapi?"

"Huu wa kulia niliurithi kwa baba, haujawahi kutoka nyumbani kwangu," kaka alisema, mkono begani kwa Plagi. "Wa kushoto nimeletewa na mdogo wangu huyu, kipande kimoja kimoja."