Mvua ya Kitwana

Sheria ilikuwa kwamba mwamuzi hagusi mchezo wa video mpaka mashine imwoshe kichwani kila sifa ya mchezo huo aliyowahi kuisikia. Kwa hiyo hata mke wa mchoraji wa mchezo aliruhusiwa kuamua ubora wake.

Mwanakheri alioshwa asubuhi, akacheza hadi alasiri. Farasi walizama ukutani na midomo haikuendana na maneno, lakini mvua ya milimani ilimfanya aache kucheza, atazame tu. Akaandika: "Mbovu, ila una moyo." Akarudi nyumbani mwepesi.

Mumewe Kitwana, mchoraji wa mvua ile, alikuwa jikoni akiunguza chapati. Alipoambiwa uamuzi huo, alishusha pumzi.

"Afadhali. Mwaka mzima nimekuwa nikikusifia mchezo huu, nawe unaitikia tu. Sikujua ukweli ni upi."

"Ulinisifia lini?"

"Kila siku, hapa hapa mezani."

Mwanakheri akajipekua. Meza aliikumbuka, mazungumzo hayakuwepo.

Kitwana akazima jiko. "Na siku niliyokuposa? Nilikusifia mvua hiyo, nikaahidi kukuchorea."

"Hiyo nayo haipo."

Mwanakheri akamega chapati, akatafuna polepole, akimwangalia mumewe kama mgeni.

"Imeungua," akasema. "Nipe nyingine."