Kiraka Kinachotoa Jasho

"Limetoka!" mtafiti alipiga kelele, pua yake nusura iguse mkono wa shemeji yake.

Shemeji alikuwa akikimbia juu ya mashine, ndani ya chumba walichokipasha joto kama tanuri. Mkono ule uliwahi kuungua vibaya, na juu ya kovu walikuwa wamempandikiza kiraka cha ngozi waliyoiotesha wenyewe maabara. Walikipaka iodini na unga wa wanga, ili jasho likitoka tu, lionekane jeusi.

Na sasa vitone vyeusi vilikuwa vikichomoza, vidogo kama vichwa vya pini.

Nyuma ya kioo kinene kisichopitisha sauti, kulikokuwa na swichi zote za joto, profesa na wenzake walikumbatiana.

"Shemeji, umetutoa kimasomaso!" mtafiti alimwambia.

"Mimi... si wa mchezo mchezo," alijibu kwa ulimi mzito. "Ila punguzeni hiyo baridi."

Mtafiti akacheka. Shemeji na utani wake. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu waanze, akainua macho kutoka kwenye kiraka.

Uso wa shemeji ulikuwa mkavu. Fulana iliyokuwa imelowa chapachapa ilikuwa imekauka, ikabaki na michirizi ya chumvi. Akamgusa paji la uso, akaurudisha mkono haraka kama aliyeshika sufuria ya moto. Mwili mzima ulikuwa umeacha kutoa jasho, isipokuwa kiraka.

"Zimeni!" alipaza sauti, akiwapungia mikono yote miwili.

Nyuma ya kioo, wote wakampungia.