Trekta la Mteremkoni

Miguu ya baba yake tu ndiyo iliyoonekana. Mwili wote ulikuwa umeingia chini ya trekta la tatu, na sauti ilitokea huko huko chini.

"Tumbo lake liko chini mno. Visiki vitalikwaruza."

"Mzee wangu, hilo ndilo linalouzika kuliko yote," alisema muuzaji.

"Linauzika kwa watu wa tambarare."

Binti alisimama kando, mkoba ameukumbatia kifuani. Alijiahidi kusema kabla hawajatoka nyumbani. Akajiahidi tena kusema garini. Sasa walikuwa dukani, na alikuwa bado hajasema.

Shamba lilikuwa limeuzwa. Wiki tatu zilizopita yeye na kaka yake walitia saini, ekari kumi na moja za mlima na miti, wakati baba amelazwa hospitali kwa sababu ya nyonga. Hati ilikuwa na majina yao wawili. Baba mwenyewe ndiye aliyewaandikisha mama yao alipofariki, ili kesho wasije wakagombana. Na kweli hawakugombana. Walikubaliana upesi mno, na hilo ndilo lililomuuma. Mzee wa miaka sabini na moja, mguu mmoja mzito, peke yake kule juu, itakuwaje? Waliambiana hivyo mpaka wakaamini.

"Mwambie wewe," kaka yake alisema kwenye simu. "Wewe ndiye kipenzi chake."

Tangu atoke hospitali, baba alikuwa akiishi kwake. Kila asubuhi alitoka kunyoosha mguu, akarudi mchana na udongo kwenye viatu, akavifuta mwenyewe kizingitini. Binti hakumuuliza alikotoka. Mwenye hatia haulizi maswali. Halafu jana, wakila, baba akasema, kana kwamba anaomba chumvi, "Kesho nisindikize nikachague trekta."

Mzee alijitokeza kutoka chini, akapangusa magoti. Mkononi alikuwa na fimbo ndefu, iliyokatwa sawasawa na nafasi kati ya misonobari miwili, pale ambapo njia ya shambani ni nyembamba kuliko kwingine kote. Akailaza nyuma ya magurudumu ya trekta la nne. Fimbo ilizidi kwa kiganja kimoja. Akaguna kwa kuridhika.

"Mzee, umekuja kununua trekta au kuposa?" muuzaji alimtania.

"Mke nilimchagua kwa siku moja, na sikukosea. Lakini yeye hakutakiwa kupanda mlima akivuta magogo."

Binti alicheka, kisha akaona aibu kwa kucheka.

"Nikishuka na mzigo nyuma," baba aliuliza, "linajizuia lenyewe, au linanitegemea mimi?"

"Linajizuia. Tia gia ndogo, breki usiiguse. Na hiki chuma nyuma ya kiti ndicho kinga yako. Likipinduka, halikulalii, bora uwe umefunga mkanda."

Baba akapanda. Ilimchukua muda kuinua mguu ule mbaya, na muuzaji akawa muungwana, akageuka kutazama ukutani. Binti alimwona baba yake ameketi juu, mikono kwenye usukani, uso umetulia kama wa mtu aliyerudi kwake. Sasa, alijiambia. Sema sasa. Lakini ungemwambiaje mtu mwenye uso ule?

"Kiti kigumu kidogo," alisema baba. "Saa nane juu ya hiki, mgongo utalia."

"Saa nane za nini, mzee? Shamba lako mwenyewe. Ukichoka unashuka, unapumzika kivulini."

Baba alitabasamu, akajishusha chini polepole. "Tia mto," alisema baadaye. "Hili hili. Twende tukamalize."

Ofisi ilikuwa chumba kidogo chenye meza moja na feni iliyolia kila ilipozunguka. Muuzaji alifungua kitabu cha risiti. Baba akatoa bahasha nene ndani ya koti, na binti akawaza mara moja: akiba ya mzee, miaka yote ya kuuza miche na mbao, sasa inakwenda kununua trekta lisilo na pa kulima wala mti wa kuvuta. Wakitoka pale itakuwa imekwisha, na yeye atakuwa amekaa kimya akitazama.

Aliushika mkono wa baba yake juu ya bahasha.

"Baba, usilipe."

"Kuna nini, mwanangu?"

"Shamba tumeliuza. Mimi na kaka. Ulipokuwa hospitali." Sauti ilikuwa yake, lakini aliisikia kama ya mtu wa chumba cha pili. "Nilitaka kukuambia kila siku. Nisamehe, baba. Niliogopa."

Feni ilizunguka, ikalia. Muuzaji aliinama, akaanza kutafuta droo kwa droo kalamu aliyokuwa ameishika.

Baba hakukunja uso. Aliutoa mkono wake polepole, akaupigapiga wa binti yake mara mbili, kama alivyokuwa akimtuliza alipokuwa mdogo, ana homa. Kisha akavaa miwani, akatoa kikaratasi mfukoni mwa shati, akakisogeza mezani.

"Risiti andika kwa jina hili," alimwambia muuzaji. "Ndiye mwenye shamba sasa, na bahasha ni yake. Mimi ni kibarua wake tu, naanza Jumatatu."